Nguzo za Turubai

Juzi, nje kidogo ya Lamadi, niliona watalii wakilijaza hema upepo kwa pampu. Likajiinua bila nguzo hata moja, na mawazo yakanirudisha nyumbani kwetu Kasoli.

Nilipokuwa mtoto, msimu mmoja wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, na kila aliyefika alisimika nguzo na kutandika turubai juu yake. Kwa hiyo siku moja nilipotoka shule nikamkuta baba mdogo na majirani wakichimba mashimo uani, turubai likinuka vumbi na mafuta ya taa, nilifurahi.

"Baba mdogo, pamba itanunuliwa hapa hapa kwetu? Mama akitoka hospitali atafurahi."

Majirani waliacha kuchimba. Baba mdogo aliinua nguzo moja.

"Njoo unishikie nguzo hii, mwanangu," alisema.

Nikaikumbatia, ingali mbichi na yenye utomvu, naye akashindilia udongo. Nilidhani nimepewa kazi ya wakubwa. Sasa najua alitafuta maneno ya kuniambia akayakosa.

Gari lililobeba jeneza la mama lilipoingia, wanawake walianza kulia. Niliing'ang'ania ile nguzo mpaka baba mdogo akaja kunibandua vidole, kimoja kimoja.