Nusu Iliyorudi Kanzenze

Siku ya kwanza kazini, pale Nyakiriba, sikupewa jembe wala buti. Mkuu wetu wa mradi wa viazi, mzee aliyerudi kutoka Kongo, alinikalisha mbele ya ubao. Nilikuwa bibi shamba mpya, nimekulia Tanzania, na nilidhani hesabu nimeziacha shuleni.

"Bon, haya," alisema, "asilimia haina maana peke yake. Uliza kwanza: asilimia ya nini?"

Akanifundisha badiliko la asilimia: toa mavuno ya zamani kwenye mapya, gawanya tofauti kwa yale ya zamani, kisha zidisha kwa mia. Ukigawanya kwa mapya, umepotea.

Baadaye nilihamishiwa Kanzenze. Huko mnyauko, ugonjwa unaokausha viazi vikiwa bado shambani, ulimkuta Mama Divine, mjane mwenye watoto wadogo. Shamba lake lililokuwa likitoa magunia ishirini likatoa kumi. Hilo ni anguko la asilimia hamsini. Mradi ukampa mbegu safi, na unga wa kusukumia msimu. Akavuna kumi na tano: ongezeko la asilimia hamsini, maana sasa unagawanya kwa kumi.

Wafadhili wakatangaza kwamba kilichoshuka hamsini kimepanda hamsini, basi Kanzenze imepona, msaada ukome. Nilimwendea mkuu nikamweleza kuwa robo ya mavuno bado haijarudi. Kutoka kumi hadi ishirini lazima upande asilimia mia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, mama," alisema. "Na wao wanajua. Walitaka sababu ya kufunga."

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia Mama Divine. Hakubishana. Aliuliza tu watoto watakula nini hadi mvua zirudi. Walikula mbegu. Kisha akauza shamba, akashuka nao mjini.

Sasa nimestaafu, ninaishi Rugerero. Vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwaje, huwaambia kwamba tulijua mengi, na kujua hakukutosha. Juzi, sokoni Gisenyi, karibu na mpaka wa Kongo, nilimkuta Mama Divine akiuza viazi vya watu, nywele zimekuwa nyeupe. Alinisalimia vizuri, akaanza kunichagulia vikubwa. Nikamuuliza vimetoka wapi.

"Kanzenze," alisema. "Kwa ile shamba yangu. Sasa inatoa muzuri."