Kipaza Nyuma ya Uzio

Mnadi yule hakuwa na duka. Alikuwa na turubai, rundo la mitumba, kreti ya soda ya kusimamia, na koo. Koo ndilo lililokuwa mtaji. Sokoni walimwita Kipaza, na jina lilimkaa barabara, maana alijaliwa sauti mpaka ikawa kero. Mwenye duka la dawa upande wa pili wa njia alikuwa akifunga dirisha ili amsikie mgonjwa anaumwa wapi. Kipaza akishika shati akalizungusha hewani, mtu aliyekuja kununua nyanya alijikuta ana shati mkononi na nyanya kazisahau.

Nyuma ya turubai lake kulikuwa na uwanja wa vumbi. Magoli yake yalikuwa mabomba ya chuma, yaliyochomelewa na fundi ambaye ni wazi hakuwahi kucheza mpira, kwa sababu moja lilikuwa fupi kuliko jingine. Hapo ndipo binti yake alipokulia. Mama mtu alikuwa mpishi wa shule, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, kwa hiyo masomo yakiisha mtoto alikuja sokoni kwa baba. Kukaa juu ya rundo la nguo hakukumfaa. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka, wenzake wakamwita Kiberiti, na wavulana waliomzidi kimo walikuwa wakigombana nani awe naye upande wake.

Sasa, Kipaza hakuweza kuacha biashara akatazame mpira, wala hakuweza kuacha kuutazama. Akafanya vyote kwa mdomo mmoja.

"Shati, shati, shati za kola, chagua mwenyewe, kushoto mama, kushoto! Suruali za kazi hizi, hazichakai, mwachie huyo, rudi nyuma! Magauni, magauni, haya piga!"

Wateja walizoea. Mgeni tu ndiye aliyeshtuka, akageuka huku na huku akitafuta nani anatakiwa kupigwa. Na Kiberiti naye akajifunza jambo ambalo sidhani kama kuna kocha anayelifundisha: kuichambua sauti ya baba yake katikati ya kelele za soko zima, kuacha mashati na suruali zipite, na kudaka lile neno lake tu. Akiambiwa kushoto, mguu ulikuwa umeshakwenda. Watu wakasema mtoto huyu ana macho kisogoni. Kipaza akavimba kichwa, maana alijua macho yale ni ya nani. Hakuona ubaya wowote, na kusema kweli nani angeuona? Wapo baba wengi wasiojua hata mtoto wao anachezea mguu gani.

Siku moja akaja mwanamke mrefu mwenye kofia, akasimama kando ya uwanja mchana kutwa bila kununua hata soksi. Alikuwa kocha wa kituo cha kukuza vipaji vya soka kwa wasichana, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kupita viwanja vya mitaani akitafuta miguu. Mpira ulipokwisha alikuja kwenye turubai.

"Yule mdogo ni wa nani?"

"Wangu," Kipaza akajibu kabla swali halijafika mwisho.

"Mlete Jumamosi. Tunawapa muhula mmoja wa majaribio. Mwisho wake tunabaki na wachache, hao tunawasomesha na kuwafundisha mpaka wawe wakubwa. Wengine tunawashukuru."

"Hapo mtamshukuru mtoto wa mwingine," Kipaza akasema.

Kituoni kulikuwa na majani halisi, ya kijani, yaliyokatwa yakalingana. Kulikuwa na uzio wa wavu, na nyuma ya uzio benchi refu la wazazi. Kocha aliwapa wazazi sheria moja tu: kupiga makofi ruksa, kutoa maelekezo hapana. Kipaza alicheka, akidhani ni utani wa kufungulia kikao.

Mpira wa kwanza ulipomfikia Kiberiti aliutuliza vizuri kabisa, akainua kichwa, akautazama uzio. Beki akaja akauchukua kama anaokota kitu chake. Wa pili vilevile. Kipaza alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyemeza kiazi cha moto. Wa tatu ulipokuja, uzalendo ukamshinda.

"Geuka!"

Kiberiti akageuka, akawaacha wawili chini, akafunga. Benchi zima likapiga makofi. Kipaza akawatazama majirani zake mmoja mmoja, kuhakikisha wote wameona. Kocha akapuliza filimbi, akaja mpaka kwenye wavu.

"Umeona alivyocheza?" Kipaza akamwahi.

"Nimeona ulivyocheza wewe, baba." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkera zaidi Kipaza. "Mtoto wako ana miguu ambayo sijaiona kwa miaka. Lakini anacheza kwa masikio. Siku atakayocheza kwenye uwanja uliojaa watu hatakusikia."

"Mimi? Nitasikika tu."

Kocha hakucheka. "Nakuomba usije kwa muda. Mwache ahangaike kidogo."

Kipaza alirudi nyumbani amefura. Akamweleza mkewe, akaeleza tena, safari ya pili akiwa ameongeza chumvi. "Yaani nafukuzwa kwa mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe!"

"Hujafukuzwa," mkewe akasema, akiendelea kuosha vyombo. "Umeambiwa unyamaze. Ila kwako naona ni kitu kimoja."

Basi akakaa. Jumamosi mama ndiye aliyempeleka mtoto, na Kipaza akabaki sokoni akinadi suruali kwa uchungu. Mwanzoni Kiberiti alirudi uso umemshuka, hataki kula, anasema mpira umemkataa. Baba yake alimpa pole, na pole ilitoka moyoni, lakini chini yake kulikuwa na kafuraha kadogo: unaona sasa, bila mimi mambo hayaendi. Hakumwambia mtu. Baadaye, alipokuwa akizipitia siku zile kichwani moja baada ya nyingine, kwenye kafuraha kale ndipo alipokuwa akisimama kwa muda mrefu.

Kisha mambo yakageuka. Jioni moja Kiberiti alivuta kikombe, kijiko na kopo la chumvi katikati ya meza.

"Kikombe ni beki. Chumvi ni mimi. Beki kanijia hivi, nikajifanya napiga, akalala. Nikamwona Twiga anakuja huku, yuko peke yake." Akasukuma kijiko. "Nikamwachia. Akafunga."

Twiga alikuwa mshambuliaji mwenzake, msichana wa miguu mirefu.

"Nani alikwambia umwachie?" Kipaza akauliza.

"Hakuna. Nimeona tu."

Mama yake akacheka, akampongeza kwa kumpiga begani na kitambaa cha sahani. Kipaza naye akasema vizuri sana, kisha akaisukuma sahani yake kando. Alikuwa anaona wivu. Si kwa kocha, wala si kwa mkewe. Alikionea wivu kile kitu ambacho mtoto alikuwa amekiona peke yake, mahali ambapo yeye hakuwepo. Alijua ni upuuzi, mtu mzima na ndevu zake, lakini kujua hakukumsaidia. Kuanzia hapo kila Jumamosi alimhoji mtoto kama askari: ulipata mipira mingapi, ulipiga na mguu upi, kwa nini hukupiga. Kiberiti akawa anajibu kwa mkato, kisha anakwenda kumsimulia mama yake jikoni. Sauti zao zilivuka ukuta, na Kipaza aliketi sebuleni akijifanya anasikiliza redio.

Mwisho wa muhula wazazi wote walialikwa kwenye mechi ya mchujo. Baada ya mechi hiyo wangejulikana wanaobaki.

"Ukifungua mdomo leo," mkewe akamwambia njiani.

"Sifungui."

Na alikuwa anasema kweli. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba alikusudia. Alinunua peremende akajaza mashavu yote mawili. Alikalia viganja vyake. Alikuwa amejikaza kisabuni.

Kiberiti alicheza siku hiyo mpaka watu wasiomjua wakaulizana ni mtoto wa nani. Alikimbia akinyoosha kidole, akiwaita wenzake, akiwaonyesha pa kukimbilia, yeye mfupi kuliko wote. Wala hakuutazama uzio hata mara moja. Kipaza alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na papo hapo alikuwa akilitafuta jicho lake, hata la kuibia, hata kidogo. Halikuja.

Zilipobaki dakika chache timu zilikuwa sare. Kiberiti aliupokea mpira katikati, akampita wa kwanza, akampita wa pili. Kipa akatoka golini. Upande wa kulia Twiga alikuwa akija mbio, peke yake kabisa, goli zima mbele yake. Kiberiti alikuwa ameshamwona. Bega lilikuwa limeshafunguka upande ule, mguu umeshageuka ubavu kumsogezea. Kipaza hakumwona Twiga. Alimwona mtoto wake na goli, hakuona kingine duniani, na peremende zikamtoka.

"Piga!"

Ilikuwa ile sauti inayouza suruali ng'ambo ya barabara. Mguu wa Kiberiti ulitii kabla kichwa hakijaulizwa. Ukajigeuza katikati ya safari, ukapiga, mpira ukamgonga kipa kifuani na kudondoka mikononi mwake kama zawadi. Twiga akasimama mikono kichwani. Kiberiti akageuka, kwa mara ya kwanza siku ile, akautazama uzio. Hakuwa na hasira. Kipaza angeweza kuistahimili hasira. Mtoto alikuwa anamtazama ili ajue afanye nini baada ya hapo.

Kocha aliwaita wazazi mmojammoja kwenye chumba kidogo kilichojaa mipira na harufu ya raba. Kipaza na mkewe walipoingia alikuwa amevua kofia.

"Nitawaambia ukweli. Namtoa, lakini si kwa sababu ya goli. Watoto wanakosa magoli kila siku. Nilitaka kujua ule mguu ni wa nani. Alikuwa amefika, jamani. Alikuwa amefika kabisa."

"Kosa ni langu," Kipaza akasema. Sauti ilitoka ndogo mpaka mkewe akageuka kumtazama. "Niadhibu mimi, mwalimu. Nifungie geti maisha yangu yote. Mtoto mwache."

"Ningekufungia geti kama ungekuwa unaingilia getini." Kocha akaona amemuumiza, akalainika. "Majaribio mengine yapo mwakani. Mlango uko wazi kwake. Ila nataka aje kwa kutaka kwake mwenyewe."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kipaza alikuwa akiomba mtoto amlaumu, alie, arushe viatu. Kiberiti alitembea katikati yao, begi mgongoni, akauliza tu kama nyumbani kuna sabuni ya kufulia jezi.

Mwaka ule Kipaza aliamua kufanya lile aliloshindwa kulifanya kwa dakika chache za mechi. Hakutamka neno mpira mbele ya mtoto. Alipokuwa akinadi nguo aliupa uwanja mgongo. Hakuuliza, hakusifu, hakushauri. Aliona huko ndiko kuomba radhi kwenyewe, kumwachia mtoto nafasi, na ilimgharimu, kwani kila jioni alikuwa na maneno kifuani yanayosukumana kutoka. Kiberiti alicheza uwanjani siku mbili tatu, akawa anatazama kule kwenye mgongo wa baba yake. Kisha akaja akaketi pembeni ya turubai, akaanza kumsaidia kukunja mashati. Alikunja vizuri, kola juu, mikono ndani. Kipaza akadhani amechoka, atarudi mwenyewe. Haikumpitia kabisa akilini kwamba kimya chake nacho mtoto alikuwa akikisikiliza, na kukitii.

Kocha hakuwasahau. Mwaka ulipozunguka alimpigia mama simu, kwamba safari hii majaribio ni ya siku moja tu, Jumamosi. Kipaza alisubiri siku nzima kabla ya kumkalisha binti yake chini. Walikaa ukingoni mwa kitanda cha Kiberiti. Alikuwa ameshaanza kurefuka.

"Kocha amekuulizia," akasema.

"Mama ameniambia."

"Unataka kwenda?"

Kiberiti akamtazama mdomoni. "Wewe unasemaje, baba?"

"Mimi sisemi kitu, mama. Safari hii useme wewe."

Mtoto akainamisha kichwa, akafikiri. Alifikiri kwa bidii hasa, paji limekunjamana. Kipaza angetoa koo lake lote amsikie akisema nataka, au hata akisema sitaki, niacheni.

"Nimejaribu kujiuliza," Kiberiti akasema mwishowe, taratibu, kama anayeogopa kumkosea adabu. "Tangu jana najiuliza. Lakini kila nikijiuliza, anayejibu ni wewe. Siku nyingine unasema nenda, siku nyingine umenyamaza. Sasa sijui. Niambie tu, nitafanya."

Kipaza akafungua mdomo. Akiwa mtu wa maneno maisha yake yote, akatafuta moja ambalo lisingekuwa amri, asilipate. Nenda ilikuwa amri. Kaa ilikuwa amri. Hata "fanya unavyopenda" ilitoka kwake.

Jumamosi asubuhi mama aliweka viatu vya mpira mlangoni, akawatazama wote wawili, akaenda zake jikoni. Baba na binti walikuwa sebuleni tangu kumepambazuka, wameoga, wamevaa, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Walikuwa bado wamekaa hivyo wakati majaribio yalipokwisha.