Muchi wa Berthe unaenda Beni

Toka siku Berthe alizikwa, muchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ulikaa nyuma ya mulango. Hakuna aliyeugusa. Kitsa, bwana yake, alikula maharagi. Noeli maharagi, Pasaka maharagi.

Jirani yao Orpa alikuja kumuomba Kitsa.

"Papa Josaphat, uniazime ule muchi. Wangu umepasuka."

"Hapana."

"Nitaurudisha leo leo."

"Berthe naye alienda hospitali akasema anarudi leo leo."

Orpa akaenda zake.

Basi asubuhi moja Kitsa akatazama nyuma ya mulango, akakuta ukuta tu. Alipanda kilima cha Butembo mpaka masomo, pale mutoto wake alisoma, koti begani, hasira mbele. Kwenye uwanja akamuona Josaphat, kitinda mimba wake, mwanafunzi wa mwaka wa sita. Alikuwa ameuweka muchi begani kama mutu anayengojea mwizi. Mwenzake akamutupia mupira mudogo wa kaucho. Josaphat akazungusha muchi. To! Mupira ukapita juu ya kanisa. Batoto wakapiga kelele kama siku ya harusi.

"Mwizi ni wa nyumbani," Kitsa akasema.

"Papa, ni baseball."

"Ni muchi."

Roger, mwalimu wa gymnastique, mutu wa Kasai, akakaribia na kofia mukononi.

"Muzee, mutoto wako iko na zawadi ya Mungu. Siku ya posho, Jumamosi hii, Frère Grady, mutawa mumoja, anakuja Beni. Anafundisha ng'ambo ya mpaka. Anatafuta kijana mumoja wa équipe yake ya baseball, mumoja tu. Masomo bure, chakula bure. Mbali na hii vita."

"Apige na muti mwingine."

"Tulijaribu. Eucalyptus inavunjika. Avocatier inavunjika. Hii yenu tu haivunjike."

Kitsa alijua. Aliuchonga yeye mwenyewe na muti wa pori, wakati wa harusi yao.

Akamutazama mwana. Mabega yamekuwa mapana. Mwaka ule, kijana mwenye mabega alitafutwa na kila mwenye bunduki, wa serikali, wa pori, wa kigeni. Batoto wawili wa mutaa wao walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Josaphat alilala kwa dari kila mara mbwa walipobweka.

"Muchi unaenda," akasema. "Na mimi ninaenda na muchi. Lakini muchi ukianguka chini, Josaphat, usirudi kwangu."

Wakapanda lori la viazi. Njiani, kwenye barrière, kizuizi cha askari, soda mumoja mwenye bunduki akapanda juu ya magunia.

"Vieux, hii ni silaha?"

"Ni ya kutwanga sombe."

"Na sombe iko wapi?"

"Iko Beni."

"Yaani unatoka Butembo na muchi kufuata sombe Beni?"

"Bibi yangu alikufa," Kitsa akasema. "Niuache na nani?"

Soda akauacha muchi. Akashuka. Akachukua viazi tu.

Beni kuna joto, lakini Kitsa hakuvua koti. Uwanja ulikuwa nyuma ya depo ya kahawa, na magunia matupu yamepangwa chini pembe kwa pembe. Frère Grady alikuwa mutu murefu, mwenye uso wa kuchoka.

"Magongo yangu yalibaki kwa barrière," akasema. "Walisema ni silaha. Kila mutu apige na ya kwake."

Kijana mumoja alikuja na mupini wa jembe. Mwingine na muguu wa kitanda. Frère alipoona muchi, akafanya ishara ya musalaba.

Roger akamueleza Kitsa. "Anapiga, anatupa muti, anakimbia mpaka kwa gunia. Mupira ukifika kwa gunia kabla yake, amekufa."

"Amekufa?"

"Kwa muchezo tu, Muzee."

"Ungeanza na hiyo."

Josaphat akapiga. Mupira ukaenda mbali sana. Naye akakimbia, muchi begani, kama mama anayepeleka kuni soko. Mupira ukafika kwa gunia, ukamungojea.

Akapiga tena. Tena akakimbia na muchi. Tena akafa.

"Kijana!" Frère akaita. "Natafuta mukimbiaji, hapana muuza michi! Kwa nini hutupi?"

"Frère, siku hizi kitu ukiacha chini, haukikute tena."

Watu wote wakacheka, maana wote walikuwa wameacha kitu mahali. Josaphat hakucheka. Alimutazama baba yake.

"Mara ya mwisho," Frère akasema. "Ukikimbia nao, rudi Butembo."

Kitsa alifunga vifungo vya koti, akavifungua. Mupira ukaja. To! Josaphat akaondoka, muchi begani.

"Tupa!"

Kitsa hakujua kama ni yeye aliyelia vile. Josaphat akageuza kichwa. "Papa?"

"Tupa, mujinga wewe! Mama yako hayuko ndani yake!"

Muchi ukaanguka. Josaphat akakimbia kama mbuzi aliyeona chui, gunia la kwanza, la pili, la tatu. Lakini Kitsa aliona jambo lingine: muchi uko chini, na Beni imejaa watu. Akaingia uwanjani mbio, koti likipepea, akauokota, akaukumbatia. Wakati ule ule, kijana wa mbali akarudisha mupira kwa nguvu zote. Kitsa akauona unakuja usoni. Akajifunika na muchi.

To!

Mupira ukapita juu ya depo ya kahawa. Haukuonekana tena. Josaphat akafika kwa gunia la mwisho, akamukuta baba yake amesimama juu yake.

Frère Grady aliketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kijana ninamuchukua," akasema alipopata pumzi. "Muzee, pole. Miaka imekupita."

Nyumbani Butembo, jioni kabla Josaphat hajaenda, Kitsa alitwanga sombe yeye mwenyewe. Kila pigo, nusu ikaruka ukutani. Orpa akasimama kwenye lupango, uani mwao, akishika mudomo.

"Mwanaume anatwanga! Dunia imekwisha."

"Imekwisha mara ngapi?" Kitsa akasema.

Josaphat akala. Muchanga ulilia katika meno yake.

"Ni kama ya mama," akasema.

"Muongo." Lakini akamuongezea.

Asubuhi lori likaenda naye. Orpa akangoja vumbi litulie, halafu akakohoa kwenye mulango.

"Papa Josaphat, ule muchi..."

Kitsa akauleta. Akapitisha kidole pale mupira ulipoacha alama, akamupa.

"Chukua," akasema. "Lakini usikimbie nao."