Bei Iliyovunja Ua

Jumatatu nilipiga foleni katika ofisi ya mabomba. Mbele yangu alisimama mzee mwenye nyumba Kariobangi, aliyetaka kujua gharama ya kuunganisha choo chake na bomba la majitaka. Karani alipomtajia, mzee alivua kofia akajipangusa uso.

"Hiyo ni ya kuzunguka hadi barabarani," karani akamweleza. "Ukipitia kwa jirani wa nyuma ni nusu yake. Naye akijiunga, mtagawana."

"Jirani huyo hatusemezani," mzee akajibu, "tangu tugombanie ua wa mabati."

Nyuma yangu mama mmoja akakohoa. "Karani, mwambie apitishe kwangu. Hata mimi choo cha shimo kimenichosha."

Mzee akageuka taratibu. "Mama, ua nitaubomoa mwenyewe."

"Uubomoe leo, mzee, kabla hawajapandisha bei."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wakatoka pamoja, wakibishana kwa furaha mtaro upite wapi, nami nikasahau kilichonipeleka pale. Sisi hulalamikia bei za jiji kila siku. Hii, nakiri, ilikuwa kali kiasi cha kupatanisha watu.