Dosimeta Niliyoitundika Ukutani

Jamani, aibu hii nimeibeba kimya tangu mwaka jana, na hata leo nikipita mitaa yetu ya Ndosho naona kama kila mtu ananitazama, lakini acheni niwaambie, maana mkosaji ni mimi na sina wa kumsingizia.

Kazi yangu ilikuwa Himbi, kwenye nyumba ya kununua madini. Nilishika mashine ya eksirei ya mkononi (ukiiona utadhani drili ya fundi), naielekeza kwenye unga wa koltani, nayo inaniambia ndani mna nini na kiasi gani. Anayeishika lazima avae kifuani dosimeta, kidude cha plastiki kinachopima mionzi iliyompata, na kila miezi mitatu kinatumwa nje kusomwa na unapewa kingine. Sasa mimi nilikuwa na shati jipya, jeupe, nikaona pini yake italitoboa (ujinga gani huu!), nikakitundika kwenye msumari ukutani, mbele kabisa ya pale ninapoelekeza mdomo wa mashine, nikawa nakitoa siku ya kutuma tu, na kipya nakitundika palepale.

Majibu yalipokuja shefu, yaani bosi wetu, aliniita, uso umemshuka: mionzi imepita kiwango mara nyingi, niache kazi leo hii, nikapimwe damu. Papo hapo nikaukumbuka msumari. Nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza, nikainamisha kichwa kama mgonjwa kweli.

Shefu, kwa huruma zake, akampigia simu mke wangu Kavira, Kavira akampigia mama kule Kalengera, na kesho yake mchana mama akaingia na kundi zima la sala. Kavira alikuwa ameshanipokonya mtoto, hata sahani yangu imetengwa peke yake. Nikakalishwa kwenye mkeka naombewa, jasho linanitoka, kila wakisema amina nataka kukiri na mdomo haufunguki. Ndipo shefu akaja kunijulia hali, mkononi ana dosimeta.

"Kambale, hii si yako? Tumeikuta ku musumari, mbele ya mashini."

Hakuna aliyecheka (wangecheka ningeshukuru). Ikabidi nieleze yote, mpaka habari ya shati. Kavira akatoka nje. Mama akasema polepole:

"Kambale, ile fasi yangu ku makaburi, pembeni ya papa yako, nilikuwa nimeshakupatia weye. Asubuhi nilibaambia bandugu yako, miye banizike fasi ingine."

Akachukua kikapu chake, akarudi Kalengera siku ileile.

Kazi niliikosa vilevile, na hilo nimelimeza. Nimeapa nikikosea tena nitasema saa ileile, hata mbele ya nani, lakini kwa mama nimechelewa. Nikimpigia simu anauliza hali ya mtoto, anauliza hali ya Kavira, na yangu haulizi.