Kazi Yangu Ilikuwa Kumkera Mtu

Nianze na wakosaji, maana wapo hai, na mmoja wao huwa nakutana naye mtaa wa Gerezani akitafuta spea za pikipiki. Wa kwanza ni kocha wetu. Wa pili ni katibu wa timu. Hao wawili walikubaliana kwamba mpira wa kikapu ni mchezo wa warefu, na mimi nilipopimwa nikaonekana nimepungua. Sisemi kwa mafumbo. Nilipimwa kweli, kwa mita ya chuma ya kupimia vitambaa, ndani ya duka, mbele ya wateja.

Wakati huo shirika la umma nililokuwa nalibebea mafaili lilikuwa linakata roho. Yalikufa mengi kwa namna ile: leo feni haizunguki, kesho gari la ofisi halionekani, keshokutwa unaambiwa usije. Wakubwa waliojua mapema waliondoka na makabati. Sisi wa darasa la saba tuliondoka na jezi za timu ya kikapu ya shirika. Zilikuwa kumi na mbili, na ile ndogo kuliko zote ilikuwa yangu kwa sababu haikumwingia mwingine.

Enzi ya ruksa ilikuwa imeanza. Kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anaingiza anachotaka kutoka nje, na tajiri mmoja wa vitambaa, Mhindi ambaye duka lake lilikuwa karibu na soko, akaamua kuingiza na timu. Alikuwa mwendawazimu wa kikapu tangu shuleni. Akatuchukua wote kumi na wawili. Asubuhi tunafanya kazi dukani, jioni mazoezi, mshahara mmoja kwa yote mawili. Tukaanza kujiita wachezaji wa kulipwa. Tulipita mitaani kifua mbele, na robota la khanga begani.

Shida ni kwamba tajiri alisema msimu ukiisha atabaki na wachezaji kumi. Asiyebaki kwenye timu habaki dukani. Mimi nilikuwa na mke, mke alikuwa na mimba, na mlango wa shirika ulikuwa umeshapigwa kufuli. Nikitolewa, sikuwa na pa kwenda.

Ndipo kocha akaja na wazo lake la kutupima urefu, ili ajue nani wa kumtegemea. Akatangaza siku mbili kabla, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana huwezi kuwapa watu wa Kariakoo siku mbili. Siku ilipofika kila mtu alikuja na viatu vya mtumba vyenye soli kama matofali. Hata yule mchezaji mrefu wa Magomeni, ambaye hakuwa na haja yoyote, alivaa vya kwake, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha mlango, ikabidi akalishwe kwanza ndipo apimwe.

Mimi sikupata soli nene za saizi yangu. Nikakata maboksi ya nyuzi, nikapanga vipande vinne vinne ndani ya kila kiatu.

"Mbona leo unatembea kama bata?" katibu akaniuliza.

"Kidole kinaniuma."

"Kidole kipi? Hebu vua."

Nikavua. Maboksi yakamwagika sakafuni. Kulikuwa na akina mama wanachagua khanga, wakaziacha. Mmoja akasema, "Kaka yangu, si ungesimama tu juu ya boksi zima?" Tajiri alicheka mpaka akavua miwani. Kocha hakucheka, alikuwa anaandika. Akaniweka wa mwisho, akasema, "Wewe utatusaidia na maji."

Basi nikawa mtu wa dumu la maji. Na dukani nako wakanitoa kwenye rafu, kwa kuwa sikuzifikia za juu, wakanisimamisha mlangoni kuwatazama vibaka.

Pale ndipo nilipopata mwalimu. Mama yake tajiri alikaa siku nzima kwenye meza ya mbele, karibu na droo ya fedha, sari imetulia, macho hayatulii. Sisi tulimwita bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemkosa yule wa shati la bluu."

"Yupi?"

"Ameshafika Msimbazi huyo. Na doti mbili."

Akanieleza kosa langu. Mimi nilikuwa natazama mikono na macho. Kibaka, alisema, atakuuliza bei ya kitambaa cha rafu ya juu, atanyoosha kidole huko, wewe utatazama huko. "Tazama mkanda," akaniambia. "Mtu hawezi kukimbia akauacha mkanda wake nyuma." Kwa hiyo nikaanza kutazama mikanda. Miezi ilivyopita nikawa namjua mtu kabla hajajijua mwenyewe. Kiuno kikigeuka tu kuelekea mlangoni, mimi nimeshasimama hapo. "Karibu tena, bwana," namwambia, na yeye anairudisha khanga mahali pake, anatoka ananuna.

Jioni moja nikajaribu jambo hilohilo mazoezini. Nikasimama mbele ya mchezeshaji wetu wa kwanza, yule anayepandisha mpira, nikamtazama kiunoni. Nikamnyang'anya mara tatu. Mara ya nne aliutupa mpira chini kwa hasira. Mnajua kocha alisemaje? "Acha kuwasumbua wenzako. Maji yako wapi?" Naliandika hili ili asije akasema hakuniona.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu. Wapinzani walikuwa na mfungaji mmoja wa mkono wa kushoto, kijana mwenye maringo, ambaye mpaka mapumziko alikuwa amefunga alivyotaka. Kipindi cha pili mchezeshaji wetu wa kwanza akapata faulo ya tano, akatolewa. Wa pili, kiatu chake cha mtumba kikafunguka soli, kikaachama kama samaki wa soko la Feri. Kocha akageuka kutazama benchi. Warefu wa akiba walikuwa wameshaumia, tukabaki wawili pale, mimi na dumu. Alilitazama dumu kwanza.

"Kocha, huyu?" katibu akauliza. Katibu mwenyewe alikuwa mchezaji pia, lakini alikuwa ameshachoka, amejilaza chini anapepewa.

"Kuna mwingine?" Kocha akanishika bega. "Sikiliza. Usifunge. Usidunde mpira. Nenda kamkere tu yule."

Hayo ndiyo maelekezo yote niliyowahi kupewa na kocha yule, na ninakiri yalikuwa mazuri.

Yule wa mkono wa kushoto aliponiona alitabasamu. "Mambo, dogo? Umepotea njia?"

"Poa," nikamjibu, nikimtazama kiunoni. Bukta haina mkanda, lakini ilikuwa na kamba nyeupe, nami nikaing'ang'ania kamba hiyo kwa macho. Akitupa jicho kulia, kamba inaenda kushoto, na mimi naenda kushoto. Akatingisha mabega, kamba ikatulia, na mimi nikatulia. Nikampokonya mpira, mrefu wa Magomeni akafunga. Nikampokonya tena. Watazamaji wakaanza kumpigia kelele: "Kakuganda kama kupe! Mpeleke nyumbani ukaoge!"

"Refa!" akalalamika. "Huyu mtu ananitazama vibaya!"

"Kutazama si faulo," refa akasema. "Cheza."

Alichofanya baada ya hapo ni kunisukuma kwa kiwiko, ikawa faulo yake yeye. Tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja nilipoingia. Zikabaki tano, tatu, moja. Sekunde zinayoyoma, mpira ukadunda ukaja mikononi mwangu, nami nipo peke yangu chini ya kikapu. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Funga!" Hata katibu alisimama kutoka kwenye kupepewa kwake: "Funga, bwana wee!"

Lakini mimi naujua mkono wangu. Mazoezini niliwahi kukosa kutoka mahali pale pale mpaka tajiri akaniuliza kama nalenga magari. Nikamrushia mrefu wa Magomeni, naye akautumbukiza kwenye kikapu kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Tukashinda kwa pointi moja.

Tajiri akashuka uwanjani anapiga makofi. Kabla sijafungua mdomo, kocha akamwahi. "Bosi, huyu nilikuwa nimemficha makusudi kwa siku kama ya leo."

Mwongo. Naandika hapa kwa wino: mwongo.

Jumatatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, kocha akasoma orodha ya kumi. Alikuwa ameiandika kwa kufuata ile mita, tangu siku ile, na uvivu ulimzuia kuibadilisha. Nilihesabu kwa vidole. Wa tisa alipita. Wa kumi akawa katibu, ambaye jina lake alikuwa amelichomeka mwenyewe. Kocha akakunja karatasi. Nikaanza kufikiria maneno ya kumwambia mke wangu.

Tajiri akauliza, "Na yule uliyekuwa umemficha?"

Kocha akakohoa. "Huyo… huyo, bosi…"

"Bado umemficha?"

Bibi, kwenye meza yake, alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Kocha alijua kwamba akisema ukweli atakuwa ameufichua uongo wake wa juzi. Akachukua kalamu. Katibu akafutwa, akaambiwa abaki na makaratasi ya timu, kazi iliyomfaa. Aliyeachwa kabisa ni yule wa kiatu kilichofunguka. Akaenda kuanzisha meza ya viatu huko Magomeni, na nasikia vya kwake havifunguki soli.

Msimu uliofuata, mechi ya kwanza, niliianzia uwanjani. Mfungaji wa wapinzani nilikuwa sijawahi kukutana naye. Akamuuliza mwenzake, "Ndiye huyu kupe?"

"Ndiye."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, safari fupi, akashusha pumzi. "Mungu wangu," akasema, "na jua lote hili."