Uso wa Mama Mlangoni mwa Zahanati

Tok. Tok-tok. Tok. Hivyo ndivyo tezo la baba lilivyolia kwenye gogo, na mpaka leo fundi akigonga kitu popote, mimi husimama kwanza nisikilize.

Wenzangu mliokulia Lodwar miaka ya sabini, nyinyi sina haja ya kuwaelezea. Tulitafuna matunda ya mkoma mpaka fizi zikatoka damu, tukasema tumeshiba. Tulichezea mawe ya mtoni: jeupe mbuzi, jeusi ng'ombe, kila mtoto tajiri wa mifugo wakati baba zetu hawakubakiwa na hata mkia. Mimi nilikuwa hodari wa kuota ndoto, mbuzi wangu wa mawe walizaa mapacha kila asubuhi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie.

Sisi tulitoka Kakuma. Ukame ulipomaliza mifugo tulishika njia kwa miguu kuja Lodwar, tulikosikia kunagawiwa uji. Tuliondoka wanne: baba, mama, mimi, na nyanya mzaa mama, ambaye kwetu anaitwa ata. Tukafika watatu. Mama alitembea siku nne, ya tano akaomba apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Tulimfunika kwa mawe kando ya njia tukaendelea, maana maji yalikuwa mbele, si nyuma.

Huko Kakuma baba alikuwa akichonga mahori ya kunyweshea ng'ombe na vigoda vya wazee. Ng'ombe wakishakufa, nani anataka hori? Akakaa bure karibu mwaka mzima. Ndipo watu wa Lodwar wakajenga zahanati, na kwa kuwa akina mama waliiogopa, wakakubaliana mlangoni isimame sanamu ya mti, mama na mtoto mgongoni, iwakaribishe. Kila boma lilitoa kilichokuwepo, huyu kibaba cha mahindi, yule ngozi. Gogo lilitoka kwa mzee mmoja ambaye mti wake wa ewoi, aina ya mgunga, ulikuwa umeangushwa na mafuriko ya mto Turkwel. Kwetu miti ya ukingoni ina wenyewe, hukati ovyo. Mzee alisema tuuchukue tu, mbuzi waliokula maganda yake wamekwisha wote. Baba akaahidiwa kwamba kazi ikipendeza, atabaki hapo kuwa fundi wa zahanati, atengeneze vitanda na mabenchi. Kwetu hilo lilikuwa chakula cha kila siku.

Uso aliuacha mwisho. Siku moja nikampelekea maji, nikamkuta mama. Jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na lile pengo la meno ya chini, na kidevu chake. Nilimuuliza baba kwa nini. Akasema alijaribu kufikiria mwanamke mwingine, hakumwona.

Jamani, furaha niliyokuwa nayo. Nilimwamkia kila asubuhi, "Ejok, mama," na kwenye foleni ya uji nikamtangazia kila mtu kwamba mama yangu yuko zahanati, anawangoja. Watoto wakanitania, wakaniita mtoto wa gogo. Nilicheka nao. Lakini mama zao hawakucheka. Wengi walitoka Kakuma kama sisi, walipita kwenye yale mawe, walijua ni nani aliyelala pale. Wakasema hawawezi kumpeleka mtoto mgonjwa mahali anapopokelewa na maiti.

Zahanati ikafunguliwa, hakuingia mtu. Jirani yetu mtoto wake aliharisha siku mbili. Mama yake alimbeba, akafika mpaka hatua chache kutoka mlangoni, akaiona ile sanamu, akageuka. Tulimzika yule mtoto kesho yake. Hakuna aliyenigombeza. Mpaka leo naona afadhali wangenichapa.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu kutoka Kitale, kule tulikokuita Kenya kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Alimtetea baba, akasema mti ni mti, watu watazoea. Baba alikuwa anaangalia chini. Ata ndiye aliyesimama, na akamsemesha baba peke yake.

"Mkwe wangu, binti yangu alitembea mpaka akafa. Alipokufa, alikaa. Wewe umemsimamisha tena. Mpaka lini?"

Baba akachukua tezo, na mbele ya watu wote akauondoa ule uso, kipande kwa kipande, mpaka pakabaki pamenyooka kama ubao. Kesho yake akina mama watatu waliingia na watoto wao. Kazi baba alipata. Alitengeneza mabenchi miaka mingi, lakini uso hakuchonga tena.

Siku hizi mjukuu wangu wa kike hujipiga picha kumi kabla ya chai, halafu anafuta tisa, eti pua imekaa vibaya. Namwambia, mama, watu wengine wangeuza boma zima wapate hiyo pua mbaya. Ananicheka, ananipiga na mimi picha. Vijana wa leo hawataki uso mpaka uwe mzuri. Sisi tulitaka uwepo tu. Zahanati ile ilibomolewa, ikajengwa ya mawe, na sanamu sijui iliishia kwenye jiko la nani.

Lakini siku ile ya kikao, watu walipokwisha kutawanyika, nilirudi peke yangu. Kwetu ukipita kaburi la mtu wako unamwachia tumbaku, na mama tulimwacha bila kitu. Nilikuwa nimechota kidogo kwenye kifuko cha ata. Nikapanda juu ya jiwe, nikaibandika pale mdomo ulipokuwa. Ikaanguka. Nikaiokota yote mchangani, nikaitia mate ishikamane, nikaibandika tena, na nikaishikilia kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi.